Jinsi ya Kutembelea Magofu ya Angkor na Mji wa Siem Reap Mkiwa Wawili

Tangu niliporejea kutoka Kambodia nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na watu wanaojiandaa kwenda: tiketi ya kuingia Angkor inanunuliwa wapi, siku ngapi zinatosha, ni lazima kuamka usiku kwa ajili ya mapambazuko, na je, watu wawili wanaweza kuzunguka wenyewe bila kujiunga na kundi la watalii? Nimeona ni vyema niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio uleule ambao safari yenyewe hufuata. Nimeandika nikiwafikiria watu wawili kwa sababu wengi wanaoniuliza huenda na rafiki, na kuna mambo ambayo watu wawili wasipoyazungumza mapema huwaharibia siku.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba Angkor si jengo moja. Ni eneo la takribani kilomita za mraba 400 lenye mahekalu, mabwawa, kuta na misitu, lililokuwa kitovu cha himaya ya Wakhmer, watu wa Kambodia, kati ya karne ya 9 na ya 15, na ambalo liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1992. Angkor Wat, lenye jina kubwa kuliko yote, ni hekalu moja miongoni mwa mengi. Anayejaribu kuyamaliza yote kwa siku moja huchoka kabla ya adhuhuri, na kuanzia hapo huona mawe matupu. Kwa hiyo ushauri wangu wote humu umeegemea jambo moja: chagueni machache, anzeni mapema sana, na mrudi mjini kupumzika wakati wa jua kali. Siem Reap, mji wa watalii mtakakolala, uko kilomita 6 hivi kusini mwa Angkor Wat, na ukaribu huo ndio unaouwezesha mpango huu.

Mnachohitaji kabla ya kuondoka

- Pasipoti ambayo bado ina uhai wa miezi sita au zaidi, pamoja na viza. Viza ya kitalii huombwa kwa njia ya intaneti kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Kambodia, nayo humruhusu mgeni kukaa siku 30. Zipo tovuti nyingi zinazojifanya rasmi na kutoza zaidi. Soma anwani yake kwa makini kabla ya kulipa.
- Fomu ya kuwasili ya kielektroniki, ambayo hujazwa bila malipo ndani ya siku 7 kabla ya kufika.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iwapo mnatoka au mmepitia katika nchi yenye ugonjwa huo. Watu wengi wa Afrika Mashariki hukisahau kwa sababu wanaoandika kuhusu Angkor aghalabu ni Wazungu, ambao hawaulizwi.
- Dola za Marekani katika noti safi. Fedha ya nchi ni rieli, na dola 1 ni takribani rieli 4,000, lakini dola hutumika karibu kila mahali mjini, nawe hurudishiwa chenji ndogo kwa rieli.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Suruali pana ya pamba na shati jepesi la mikono vinatosha.
- Viatu vilivyofungwa na vyenye soli isiyoteleza, kofia, kurunzi ndogo, chupa ya maji ya kujazwa upya, na pakiti chache za chumvi za kuongeza maji mwilini.
- Bima ya safari inayolipia matibabu. Sababu yake nitaieleza mbele.
- Ramani ya eneo iliyopakuliwa kwenye simu za wote wawili, isiwe ya mmoja tu.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni msimu na idadi ya siku. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hewa nafuu, na kwa sababu hiyo ndiyo yenye watu wengi. Machi na Aprili joto huwa kali mno, na katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Kikhmer, wakati ambapo wenyeji wenyewe hufurika mahekaluni. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, mara nyingi alasiri. Asubuhi huwa wazi, mahandaki ya maji hujaa, na mawe huota kijani. Binafsi ningechagua mwisho wa mvua kuliko kilele cha msimu. Kuhusu siku, tiketi ni za aina tatu: ya siku 1 kwa dola 37, ya siku 3 kwa dola 62, na ya siku 7 kwa dola 72. Chukueni ya siku 3. Si lazima zifuatane, kwa kuwa mnaweza kuzitumia siku zozote tatu ndani ya siku 10, na uhuru huo wa kupumzika katikati una thamani kuliko tofauti ya bei.

2. Zungumzeni mambo matatu kabla ya kulipia chochote. La kwanza ni fedha: wekeni mfuko wa pamoja, kila mmoja atie kiasi sawa, na usafiri, maji na chakula vilipwe kutoka humo, ili msiwe mnadaiana dola moja moja mbele ya kila muuzaji. La pili ni mwendo: mmoja wenu huenda ni mpiga picha anayeweza kusimama nusu saa mbele ya mlango mmoja, na mwingine anataka kutembea, kubalianeni tangu mwanzo kwamba ndani ya hekalu kila mtu anaweza kwenda zake, mradi mahali na saa ya kukutana vimetajwa. La tatu ni nani anataka mapambazuko kwa dhati. Mtu aliyeamshwa saa 10 alfajiri kwa kulazimishwa huwa mwenzi mzito siku nzima, na hana kosa.

3. Fikeni na mtulie mjini. Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtabadilisha katika mji mkubwa wa Asia, kama Bangkok au Singapore, basi hakikisheni kama mnahitaji viza ya kupita huko. Msipange kuingia kwa gari kutoka Thailand kabla ya kuulizia hali ya mpaka, kwa sababu mapigano ya mwaka 2025 kati ya nchi hizo mbili yaliufanya ufungwe. Uwanja wa ndege wa sasa wa Siem Reap ulifunguliwa Oktoba 2023 na uko mbali, takribani kilomita 50 kutoka mjini, yaani mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Maelezo ya zamani yanayosema kwamba uwanja uko dakika 15 kutoka hotelini yanahusu uwanja wa awali, ambao umefungwa. Chumba kitafuteni karibu na mto au karibu na soko la zamani, Psar Chas, lakini si juu ya mtaa wa baa unaoitwa Pub Street, kwa kuwa muziki wake hauwapi nafasi watu wanaotaka kuamka kabla ya jogoo.

4. Nunueni tiketi jioni ya siku ya kuwasili. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Tiketi haiuzwi kwenye lango la hekalu. Huuzwa katika ofisi maalumu iliyo kando ya barabara ya kwenda mahekaluni, kilomita chache kutoka mjini, au kwa njia ya intaneti kupitia Angkor Enterprise, taasisi ya serikali inayosimamia mauzo hayo. Kila mtu hupigwa picha palepale na picha hiyo huchapwa kwenye tiketi yake, kwa hiyo tiketi haiwezi kuazimwa wala kuuzwa, na yeyote anayekuuzia barabarani kwa bei nafuu anakuuzia karatasi isiyo na kazi. Mkinunua jioni, kuanzia saa 11 hivi, siku zenu huanza kuhesabiwa kesho yake, na bado mnaruhusiwa kuingia jioni hiyohiyo kutazama machweo. Dola 2 katika kila tiketi hupelekwa kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, ambazo hutibu watoto wa Kambodia bila malipo. Nililijua hilo nikiwa kwenye foleni na nikalipa kwa moyo mweupe.

5. Tafuteni dereva, na mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi. Usafiri wa kawaida ni pikipiki inayovuta kitoroli chenye paa na viti vya kuelekeana, ambayo watu wote huiita tuktuk, nacho kinawatosha watu wawili vizuri sana. Kwa mzunguko mdogo, wa kilomita 17 hivi, bei ya siku huwa takribani dola 15 hadi 20, na huongezeka mkianza alfajiri au mkienda mahekalu ya mbali. Kabla ya kupanda, tajeni majina ya mahekalu, saa ya kuanza, saa ya kurudi mjini mchana na kama atawarudisha tena alasiri, kisha bei ya jumla kwa watu wote wawili. Lipeni mwisho wa siku. Dereva mkimpenda, endeleeni naye siku zote tatu. Atawafahamu, atawawekea maji ya baridi, na atajua ni lango gani la kuwangojea.

Hapa kuna kosa ambalo msemaji wa Kiswahili anaweza kulifanya kuliko mtu mwingine yeyote. Dereva alituambia kwa Kiingereza kwamba atakuja "five o'clock", nasi kwa mazoea yetu ya kugeuza saa kichwani, na kwa uchovu wa safari, tukaandika saa 5 ya asubuhi. Alikuja saa 11 alfajiri kama alivyosema, akangoja nje ya lango tukiwa tumelala, na alfajiri yetu ya kwanza ikapotea. Andikeni saa kwa tarakimu za mtindo wa kimataifa, 05:00, mkamwonyeshe dereva aikubali kwa macho yake. Kumbukeni pia kwamba Kambodia iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4.

6. Siku ya kwanza: Angkor Wat kabla ya jua. Lango hufunguliwa saa 11 alfajiri. Ondokeni mjini saa 10:30, kwa kuwa jua huchomoza kati ya saa 11:35 na saa 12:30 kutegemea mwezi. Mtavuka handaki la maji lenye upana wa mita 190 gizani, na hapo ndipo kurunzi inapofaa, maana mawe ya njia hayalingani.

Angkor Wat limeelekea magharibi, tofauti na mahekalu mengi ya Wakhmer. Kwa sababu hiyo asubuhi jua hutokea nyuma ya minara, na mnachokiona ni kivuli cheusi cha minara mitano juu ya anga linalobadilika rangi. Umati wote hukusanyika kwenye bwawa la kushoto ili kupata taswira ya minara ndani ya maji. Kama picha hiyo si ya lazima kwenu, nendeni kwenye bwawa la kulia, au kaeni kwenye ngazi za maktaba za mawe zilizo kandokando ya njia. Mwanga unaomulika uso wa hekalu wenyewe huja alasiri, kwa hiyo picha za mbele ya hekalu ziacheni kwa wakati huo.

Jua likishatoka, watu wengi hurudi hotelini kunywa chai. Ninyi msirudi. Hiyo saa moja inayofuata ndiyo bora kuliko mapambazuko yenyewe. Ingieni kwenye baraza la kwanza, lile linalolizunguka hekalu lote likiwa na nakshi za kuchonga ukutani, na mgeuke kulia. Mtapita vita vya Kurukshetra, vya utenzi wa Kihindi wa Mahabharata, kisha upande wa kusini mtakuta msafara wa mfalme Suryavarman II, ambaye ndiye aliyelijenga hekalu hili katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Kihindu, kisha ukuta wa mbingu na jehanamu. Mkikata kona kuingia upande wa mashariki, mtakuta jua la asubuhi limeingia kati ya nguzo na kuangukia ukuta wenye urefu wa mita 49, unaoonyesha miungu 88 na majitu ya uadui 92 wakivuta nyoka mmoja mkubwa huku na huku ili kuivuruga bahari ya maziwa ipate kutoa maji ya uzima.

Simameni katikati, alipo Vishnu, na mtazame chini kabisa. Pembeni mwa ukuta samaki na mamba wanaogelea wakiwa wazima. Kadiri jicho linavyokaribia mhimili wa katikati, ndivyo wanavyokatika vipande kwa nguvu ya maji yanayozungushwa: kichwa huku, mkia kule, mpaka inabaki michirizi mitupu. Mchongaji aliufikiria mwendo wa maji, akauweka kwenye jiwe. Mahali pengine nakshi zinang'aa kama chuma kilichopigwa msasa, kwa sababu ya mikono ya watu waliozipapasa kwa miaka mingi. Msiziguse, jasho la kiganja hulidhuru jiwe hilo la mchanga.

Sehemu ya juu kabisa, inayoitwa Bakan, hupandwa kwa ngazi kali sana, na huingia watu wachache kwa zamu. Hapo sheria ya mavazi inashikwa bila huruma: kitambaa kilichotupwa mabegani juu ya blauzi isiyo na mikono hakikubaliwi. Watoto walio chini ya miaka 12 na wajawazito hawaruhusiwi kupanda, na siku takatifu za Kibuddha, ambazo huja mara kadhaa kila mwezi, sehemu hiyo hufungwa. Mwulizeni dereva jioni ya kuamkia, naye atakuwa anaijua kalenda.

7. Rudini mjini kabla ya saa 5 asubuhi, mlale, kisha mwende Angkor Thom alasiri. Ninalisisitiza hili kwa sababu kila aliyelipuuza alikuja kuniambia kwamba siku ya pili hakuinuka. Alasiri ingieni Angkor Thom kupitia lango la kusini. Huu ulikuwa mji wa mfalme Jayavarman VII, aliyetawala kuanzia mwaka 1181, wenye ukuta wa mita 8 kwenda juu na kilomita 3 kila upande. Katikati yake ni Bayon, hekalu la minara yenye nyuso kubwa za mawe zinazotabasamu macho yakiwa yameinamishwa. Wengi hupanda moja kwa moja kwenye nyuso. Anzeni chini, kwenye kuta za nje, kwa sababu humo hamna miungu tu bali watu: wapishi wanatia nyama chunguni, wanaume wamechuchumaa wakipiganisha majogoo, na askari wanapigana mtoni na Wacham, watu wa ufalme jirani wa Champa, huku mamba wakingoja wanaoanguka.

Kama miguu bado ina nguvu, tembeeni hadi Baphuon, lililo karibu. Mafundi wa Kifaransa na wa Kambodia walilibomoa jiwe kwa jiwe ili kulijenga upya, wakatapanya takribani mawe 300,000 uwanjani, kisha vita vya miaka ya 1970 vikaingia na kumbukumbu za mpangilio wake zikapotea. Kazi ya kutafuta kila jiwe linakaa wapi ilikamilika mwaka 2011. Mahekalu mengi hufungwa saa 11:30 jioni, kwa hiyo msichelewe.

8. Siku ya pili: Ta Prohm likifunguliwa tu. Fikeni saa 1:30 asubuhi kamili. Hili ndilo hekalu ambalo miti imelikalia: mizizi minene kama mwili wa mtu imeshuka kutoka darini, ikapita kwenye nyufa na kuyabana mawe, kiasi kwamba mti ukiondolewa ukuta nao utaanguka. Jayavarman VII alilijenga mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake, na maandishi yaliyokutwa humo yanasema watu 12,640 waliishi ndani ya kuta zake. Kufikia saa 3 asubuhi makundi ya mabasi huwa yameingia na foleni za picha zimeanza. Baada yake nendeni Preah Khan, alilolijenga mfalme huyohuyo kwa heshima ya baba yake mwaka 1191. Ni pana, lina kivuli, na watu ni wachache. Kwa machweo chagueni Pre Rup, linalofungwa saa 1 jioni. Kilima cha Phnom Bakheng ndicho maarufu, lakini juu yake huruhusiwa watu 300 tu kwa wakati mmoja, na mnaweza kungoja mpaka jua likazama mkiwa bado kwenye foleni.

9. Siku ya tatu: Banteay Srei, kisha mji. Hekalu hili liko takribani kilomita 35 kutoka mjini, na mwendo wake kwa tuktuk ni zaidi ya saa moja. Lilizinduliwa mwaka 967, ni dogo, na limejengwa kwa jiwe la rangi ya waridi lililochongwa kwa wembamba kana kwamba ni mbao. Mwaka 1923 Mfaransa André Malraux, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alikata sanamu humo ili akaziuze, akakamatwa Phnom Penh. Sanamu zilirudishwa. Huko mbali, msitoke nje ya njia zilizosafishwa, kwa sababu Kambodia bado ina mabomu ya ardhini vijijini, ingawa mahekalu makuu ni salama.

10. Upeni mji haki yake. Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Angkor linafaa siku ya mapumziko, nalo hueleweka zaidi baada ya kuyaona magofu kuliko kabla. Sokoni Psar Chas na mikahawani ulizeni amok, samaki wa tui la nazi anayepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Na kama ninyi ni Watanzania, msiondoke bila kupita kituo cha wageni cha APOPO. Shirika hili hufunza panya buku huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa vilipuzi, kisha huwapeleka kazini nchi kama Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafika Siem Reap mwaka 2016, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Kusimama katika mji huo wa mbali, ukamwona panya buku anafanya kazi ya kuokoa miguu ya watoto, ni jambo lililonigusa kuliko hata mapambazuko.

Makosa ambayo wageni huyarudia

Msiwape fedha watoto wanaouza kadi na bangili mahekaluni, hata moyo ukiuma. Mauzo hayo ndiyo yanayowaweka nje ya shule. Vivyo hivyo, mjini mtu aliyebeba mtoto anaweza kukataa fedha na kukuomba umnunulie maziwa ya kopo dukani; mara nyingi kopo hilo hurudishwa dukani baada ya wewe kuondoka. Msitembelee vituo vya yatima kama kivutio, kwani biashara hiyo imewatenga watoto wengi na wazazi wao walio hai. Mkitaka kusaidia, changieni hospitali au shirika linalojulikana.

Angkor Wat ni mahali pa ibada hadi leo. Mtawa hapigwi picha bila ruhusa, na mwanamke hamgusi wala hampi kitu mkononi. Msivute sigara, msipande juu ya kuta, na msiwalishe kima walio karibu na lango la Angkor Thom, kwa sababu wanauma na kunyang'anya.

Mambo yakienda kombo

*Mawingu yameziba mapambazuko.* Hutokea mara nyingi. Ingieni ndani moja kwa moja, mkafaidi mabaraza matupu huku wengine wakingoja jua.

*Mmekataliwa Bakan kwa sababu ya nguo.* Kubishana na mlinzi hakusaidii. Mrudi siku nyingine mkiwa mmevaa ipasavyo, kwa kuwa tiketi yenu bado ina siku.

*Noti yenu imekataliwa.* Dola yenye mpasuko mdogo au alama ya wino haipokelewi. Hesabuni mkague kila noti mnayopewa, mrudishe mbovu palepale, kwa sababu baada ya kuondoka itakuwa mzigo wenu.

*Mmepoteana.* Mapito ya Bayon na Preah Khan yanafanana. Asiwepo wa kuzunguka akimtafuta mwenzake. Kila mmoja aende mahali mlipopatana, na kama hamkupatana, aende kwa dereva. Kabla ya kuingia, pigeni picha namba ya tuktuk na lango alilosimama, maana baadhi ya mahekalu huwa na milango miwili na dereva huhamia upande wa pili.

*Kichwa kinauma au mmoja anasikia kizunguzungu.* Hilo ni joto. Kaeni kivulini, lowesheni nguo na shingo, mnywe maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini kidogo kidogo, na siku hiyo iishie hapo. Mtu akiacha kutoa jasho au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kungoja.

*Mmoja ameumwa na kima au mbwa.* Hii ndiyo sababu ya bima niliyoitaja. Osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo tu. Ugonjwa huo dalili zikishaanza hautibiki.

*Mwenzako amechoka na hataki hekalu jingine.* Mwache alale, mchukue dereva mwende wawili, wewe na yeye. Tiketi ya rafiki yako haitapoteza siku ambayo hakuingia, mradi atumie siku zake tatu ndani ya zile 10, na kesho anaweza kwenda peke yake kule ulikokwenda wewe leo, huku wewe ukimngojea mjini kando ya mto.